Kibiriti Nilichompelekea Tata Labo

Katika kampi yetu ya Kolwezi watu waliogopa wawili, Mungu na Tata Labo, kwa sababu hao tu ndio waliojua kilichomo tumboni mwa kila mmoja. Mungu alikaa kimya. Tata Labo naye alikaa kimya, lakini ukikutana naye Jumapili mlangoni mwa kanisa, amefunga tai yake ya bluu, akikuinamishia kichwa kidogo, unajua kwamba anajua. Nimeona wanaume wazima, wapiga baruti wa mgodini, wakivuka barabara ili wasisalimiane naye siku waliyopeleka choo chao kupimwa.

Tulimwita tata, yaani baba, kwa heshima; alikuwa mtu wa darubini katika hospitali ya Kampuni ya mgodi. Labo, ndiyo maabara yake, ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, mwisho wa ujia, jirani na jiko la hospitali, na mimi nilikuwa mpishi katika jiko hilo. Nilimjua hivyo kwa miaka tisa. Hapa sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Zilikuja siku ambapo watu hawakumuuliza kitu kingine, nami sitaki kufanana nao hata kwenye karatasi.

Desturi ya kupima choo ilikuwa hivi. Unachukua kibiriti kilichokwisha njiti, unatia choo kidogo ndani ya kidroo chake, unakifunga kwa uzi na kuandika jina lako juu. Asubuhi vibiriti vilipangwa mezani, na Tata Labo alianza kushoto akaenda kulia, hakuruka zamu ya mtu. Siku moja mke wa bosi mmoja alituma chake katika kisanduku cha manukato kilichofungwa utepe, na aliyekileta akasema mama ana haraka. Tata Labo alikiweka nyuma ya kibiriti cha mchimba mitaro.

"Mavi haina mukubwa," alisema. "Ikifika hapa, yote iko sawasawa."

Fundi mmoja wa reli, ambaye hakuelezwa vizuri, alileta kopo la maziwa ya unga limejaa mpaka juu. Tata Labo alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akamtazama mwenyewe. "Tata," akamwambia kwa heshima zote, "mi niliomba kidogo tu. Weye unaniletea shamba." Kampi nzima ilicheka kwa wiki kadhaa, na yule fundi akahamisha watoto wake wasome shule ya upande wa pili.

Aliipenda kazi yake mpaka ikatuchosha sisi wengine. Koti lake jeupe alilifua mwenyewe, hakumwamini mtu. Lenzi za darubini alizifuta kwa kitambaa cha hariri cha marehemu mkewe, na kitambaa hicho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Umeme ulipoanza kukatika na taa ya darubini ikaungua isipatikane nyingine, alisogeza meza dirishani na kukigeuza kioo kidogo kilicho chini ya darubini kikamate mwanga wa nje. Tangu hapo kazi yake ilifuata jua, kama ya mtu anayeanika mihogo. Mawingu yakija anatoka kwenye ujia na kutangaza: "Leo jua hakuna. Murudie kesho." Wagonjwa walinung'unika, lakini kesho yake walirudi.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkavu wa maneno, na kwa miaka tisa sikumsikia akisifu chakula changu zaidi ya kusema, "Inafaa." Alimnunia hata padri kwa sababu padri alikata ubeti mmoja wa wimbo ambao yeye alikuwa ameutayarisha kwa sauti ya chini. Kuku wa hospitali aliwatukana kwa lugha tatu. Lakini binti yangu wa kwanza, Bea, aliposhikwa na homa siku ya Jumapili, Tata Labo aliondoka kwaya ikiwa katikati ya misa, akafungua labo, akasimama dirishani na tone la damu ya mtoto mpaka akaona alichokitafuta. Alikuja mwenyewe nyumbani na dawa mfukoni. Nilipotaka kumshukuru aliuliza kama nina chumvi ya kumpa, ya kwake imekwisha, ili nisipate nafasi ya kulia mbele yake.

Na alikuwa na hili la kuchekesha. Alituhubiria wote kuhusu vyakula vibichi. Saladi isiyooshwa, nyama ya nguruwe isiyoiva, maji ya mtaro. "Kitu yenye hauone, ndiyo inakukula," alisema, kila siku, mpaka watoto wakawa wanamwigiza. Lakini yeye mwenyewe hakuna chakula alichokipenda kama kabichi mbichi, iliyokatwa nyembamba, na kitunguu na siki. Manesi walimtania. "Tata Labo, na ile kabichi?" Naye hakuona aibu hata kidogo.

"Ya Mama Bea naweza kula," aliwajibu. "Mama Bea iko na karatasi."

Karatasi yenyewe ilikuwa hii. Kila baada ya miezi sita wapishi wote watatu tulipeleka vibiriti vyetu labo, na yeye aliandika alichokiona na kutia sahihi. Aliyekutwa msafi aliendelea kupika. Basi alikuwa anaamini macho yake na sahihi yake. Kila siku saa sita mchana alikuja kwenye dirisha la jiko na sahani yake na uma wake, amekwisha kunawa mpaka kwenye viwiko, akala kabichi niliyoikata kwa mikono yangu.

Sasa niseme, maana nimezunguka vya kutosha.

Mume wangu alipenda nyama ya nguruwe ya kuchoma iliyouzwa nyuma ya kampi, nami niliipenda kuliko yeye. Wauzaji waliichoma harakaharaka, ndani bado nyekundu, na sisi tulikuwa na njaa. Mwaka mmoja nikaanza kuona kwenye choo changu vipande vyeupe, bapa, vinavyojisogeza. Nilijua ni nini. Tata Labo alikuwa ametuonyesha wapishi tegu mzima ndani ya chupa ya dawa, mrefu, amejikunja kama tambi, na yeye alimwita kwa jina la hospitali, tenia. Kanuni ilikuwa kwamba mpishi mwenye tenia atoke jikoni mpaka alete karatasi mbili safi. Mama mmoja mwenzetu alitoka hivyo, akapona upesi, akarudi na kukuta mwingine amevaa aproni yake.

Wakati huo mgodi ulikuwa umeporomoka, mume wangu amesimamishwa, na mishahara ilikuja ilipotaka. Tulikula unga niliopewa jikoni. Lakini nisijifiche nyuma ya unga. Kulikuwa na haya pia. Tata Labo alinisalimia kila asubuhi, akala kwangu kila mchana, na sikutaka afungue kibiriti changu aone kilichomo.

Nikachukua choo cha Bea, nikaandika jina langu juu.

Mchana ule alikuja dirishani anacheka, kitu cha nadra. Alikuwa amekuta minyoo ya kawaida, ile ya watoto.

"Mama Bea! Weye mutu muzima, unakula udongo pamoja na batoto?"

Nilicheka naye. Akanipa vidonge, nikaenda nikampa Bea, na Bea akanenepa mwezi uleule. Uongo wangu ulianza hivyo, na faida juu yake. Kwa jumla nilifanya hivyo mara nne, mara nyingine kwa choo cha Bea, mara nyingine cha mdogo wake, na Tata Labo akatia sahihi zote. Sabuni ilikuwa imeadimika. Mara nyingi nilitoka msalani, nikasuuza mikono kwa maji matupu, nikarudi kwenye kabichi.

Nilidhani tegu ni mgeni wa mtu mmoja: anakula chakula chako, anakukondesha, na shida inaishia kwako. Kwamba mayai yake yanaweza kutoka kwangu yakaingia kwa mwingine kwa njia ya chakula, yakasafiri mpaka kwenye ubongo na kukaa huko, sikujua. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini yeye alitueleza yote hayo siku ile ya chupa, neno kwa neno, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwaza maharage yangu yasiungue.

Dalili ya kwanza kwa Tata Labo ilitufurahisha. Alikula, akaosha sahani yake, akaondoka. Baada ya muda mfupi akarudi dirishani na sahani ileile. "Mama Bea, leo chakula inachelewa." Wote tulidhani amejifunza mzaha uzeeni. Nikampakulia tena, akala tena, na akasema inafaa. Wiki mbili baadaye akafanya hivyo mara mbili kwa siku moja, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma, akawa anafanya kazi huku amefunga kitambaa kichwani. Kisha akaanguka. Alianguka labo, mbele ya meza, mwili unatetemeka, vioo vidogo vya kupimia vikavunjika chini yake. Maneno yakaanza. Wengine walisema amelogwa na wivu wa mtu anayetaka nafasi yake. Wengine walisema ni lutuku, na mtu yule hakuwahi kuonja pombe hiyo ya kienyeji hata siku moja. Wengi walisema ni uzee tu, anarudia utoto, ndiyo dunia. Daktari wetu alikuwa amekwenda likizo Ulaya na hakurudi, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kusema neno lenye uzito.

Lakini siku zake nzuri zilikuwa bado zipo, na katika siku hizo alikuwa Tata Labo yuleyule. Katika mojawapo alikuja jikoni, si dirishani, akaingia ndani kwa mlango. Wenzangu walikuwa wamekwenda kuchota maji. Alikuwa ameshika tai yake mkononi, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuifunga. Aliketi kwenye gunia.

"Mama Bea, nikuulize kitu moja. Hapana kukasirika."

"Uliza tu, tata."

"Bile bibiriti byenye unaniletea. Miaka hii yote. Ilikuwa ya weye?"

Nilikuwa namenya vitunguu na niliendelea kumenya. "Ya mi, tata. Ya nani tena?"

"Sikiliza muzuri. Mi najua kazi yangu. Kuko kitu inanikula mu kichwa, na nafikiri ni tenia, mayai yake. Mi sikulaka nguruwe hata siku moja. Donc, basi, ilitoka ku mutu, mutu wa karibu, mwenye anashika chakula yangu. Nikipata ule mutu, nikimupima, nitaenda na karatasi yake ku munganga wa hospitali ya Lubumbashi. Atanisikiliza. Dawa iko. Bila ile karatasi, watasema ni buzee, watanirudisha." Akanitazama machoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Huyo mutu, mi sitamufukuzisha. Sitasema jina yake ku mutu hata mumoja."

Hivyo ndivyo alivyoniwekea wazi. Alihitaji kibiriti kimoja tu, cha kweli. Na mimi nilikuwa na tegu tumboni wakati ule, nikimenya vitunguu.

"Si mi, tata," nikasema. "Haki ya Mungu. Juu ya kichwa ya Bea."

Aliikunja tai yake. Kisha akasimama kwa kushika meza. "Basi, unisamehe, mama. Mutu mwenye bwoga anashuku batu bote." Akatoka. Mtoto ambaye niliapa kwa kichwa chake ndiye aliyepimiwa damu na mtu huyo siku ya Jumapili. Niliyajua yote mawili, na niliendelea na vitunguu.

Ningemwambia kesho yake. Nimelisema hili mara nyingi kwa nafsi yangu na bado silisadiki. Kesho yake hakukumbuka kwamba aliniuliza, na mimi nikaona Mungu amenipa nafasi ya kunyamaza.

Wakati huohuo maneno ya mjini yalikuwa yamebadilika. Watu wenye asili ya jimbo la Kasai, ambao babu zao waliletwa kwa kazi ya migodi, walianza kuitwa bilulu, wadudu, hadharani, sokoni, hata na watu walioshiriki nao ekaristi. Vijana wenye fimbo walipita nyumba kwa nyumba wakiwataka waondoke waende kwao. Wengi hawakuwa na kwao kwingine. Langoni mwa hospitali ikabandikwa orodha ya wafanyakazi ambao hawakutakiwa kuonekana tena kazini, na jina la Tata Labo lilikuwa la tatu kutoka juu.

Nilipolisoma, nilichosikia kwanza moyoni kilikuwa nafuu. Ningependa kusema ilikuwa huzuni. Ilikuja baadaye, ndiyo, lakini nafuu ndiyo iliyotangulia: anaondoka, na swali lake linaondoka naye. Mimi sikushika fimbo. Sikumwita mtu kilulu. Watu wananisifu kwa hilo mpaka leo, kwamba nyumba yetu haikuwaonea wageni, nami huitikia kwa kichwa.

Tata Labo alipelekwa stesheni akiwa na begi moja, kwenye maelfu waliokuwa wakingoja treni chini ya mabati na maturubai. Siku iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, alikuja kazini. Alikuwa amevaa koti lake na tai. Alikuwa amesahau kwamba amefukuzwa. Alikuta mlango wa labo una kufuli ngeni, akakaa kwenye benchi ya wagonjwa akingoja afunguliwe, na nesi mmoja mwenye huruma akamrudisha stesheni kwa njia ya nyuma. Kesho yake akaja tena. Akaja kila siku. Wenzake wote walijua wanakimbia nini, ila yeye kila asubuhi aliamka akiwa mfanyakazi wa hospitali aliyechelewa.

Mara mbili nilimrudisha mimi. Mara ya kwanza nilimshika mkono.

"Tata, turudie ku gare."

"Ku gare? Mi sina safari, mama. Bibiriti binaningojea."

Vijana walikuwa langoni. Sikuwa na muda wa kubishana. "Leo jua hakuna, tata," nikamwambia. "Murudie kesho." Jua lilikuwa linawaka juu ya vichwa vyetu. Alitazama juu, akanitazama mimi, akaniamini mimi. Tulitembea mpaka stesheni, na njiani alinisogeza mara moja nisikanyage dimbwi.

Mara ya tatu nilimwona kupitia dirisha la jiko. Ilikuwa saa sita. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu na sahani mkononi, na vijana watano walikuwa nyuma yake wakimwigiza anavyotembea. Nilifunga dirisha. Nilitia komeo. Akagonga taratibu, kama alivyogonga siku zote, mara mbili, akasema, "Mama Bea, ni mi." Wenzangu wawili walinitazama. Nilisimama nyuma ya ubao wa dirisha nikiwa na kisu cha kabichi mkononi. Nje wale vijana wakamvua koti, nikasikia vifungo vikianguka kwenye saruji, na kwenye ufa nikamwona mmoja wao akimvuta kwa tai kama anavyovutwa mbuzi. Hakupiga kelele. Nilimsikia akiwauliza kwa adabu wao ni watoto wa nani.

Wiki iliyofuata treni yao iliondoka. Sikwenda kuaga.

Mwezi mmoja baadaye nilisafiri kwenda Kasaji kwa shangazi yangu, ambako hakuna aliyenijua, nikaingia zahanati ya misheni na kusema ukweli kwa mara ya kwanza. Sista alinipa vidonge, nikavinywa asubuhi, na kabla ya jioni yule mnyama alikuwa ametoka. Siku moja tu. Nilikaa kwenye kitanda cha shangazi nikihesabu miaka niliyomtunza, kwa kuogopa siku moja, na shangazi akadhani nina homa.

Miaka sita ikapita. Akina mama wa kanisa walituma watu kwenye mafunzo ya afya, nami nikaenda kwa sababu nilikuwa mpishi na walihitaji mpishi. Daktari kijana alibandika picha ukutani. Alieleza jinsi mayai ya tegu yanavyofika kichwani na kujitengenezea vijifuko, mtu akapata kifafa, akasahau, akapotea nyumbani kwake, na jamaa wakasema ni uzee au uchawi. Alisema wengine wanaodhaniwa wamerudia utoto huenda wanabeba hayo, na wengine wakipata dawa mapema akili hurudi. Sikuwa nimeinua mkono mkutanoni maishani mwangu. Siku ile niliuinua.

"Munganga, na mwenye hakupata dawa?"

"Inategemea, mama. Vijifuko vingine vinakufa vyenyewe na kuacha makovu. Na wengine kwa kweli ni uzee tu, au mishipa. Bila kupiga picha ya kichwa huwezi kujua."

Basi sitajua. Huenda Tata Labo alizeeka tu, kama watu wanavyozeeka. Nimejaribu kulalia upande huo, na haulaliki.

Mwuza mboga mmoja anayepanda treni za kwenda Tenke ndiye aliyeniambia, akipiga soga tu, kwamba kule kuna mzee wa ajabu anayevaa tai bila shati na kutazama kila nyanya juani kabla haijauzwa. Nilimwuliza mzee huyo anatoka wapi. Akasema alishuka kwenye treni ya waliofukuzwa. Pale Tenke njia zinagawanyika, treni ilisimama muda mrefu, watu wakashuka kutafuta maji, na yeye akashuka na kutembea kwenda zake. Ilipoondoka hakuna aliyejua alipo.

Nilipata treni ya kwanza iliyokuwepo. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane anayeuza makala, mkaa wa kupikia. Mama huyo ni Mkatanga, mwenyeji wa jimbo letu kama mimi, watu wake ni wa kaskazini, na siku zile za fimbo alimwingiza mzee nyumbani kwake na kuwaambia vijana ni baba mkwe wake. Niliuliza kwa nini. Alishangaa swali. "Alikuwa anasikia njaa," akasema, akarudi kwenye magunia yake.

Tata Labo alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekonda, mikono yake misafi. Nilimpigia magoti.

"Jambo, tata. Mi ni Mama Bea. Wa ku jiko."

"Jambo, mama. Aksanti kwa kuja." Alinipokea vizuri. Hakunijua kabisa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Kolwezi. Nikamwambia yote: kibiriti, choo cha Bea, sahihi zake nne, sabuni, kabichi, siku aliyokaa kwenye gunia na tai mkononi, kiapo changu, dirisha. Sikuacha kitu. Nililia, na nilisema sistahili kusamehewa lakini nimekuja kuomba. Yeye alinisikiliza kichwa kimeinama upande, kwa makini yote, kama alivyowasikiliza wagonjwa kwenye ujia walipoanza kueleza matumbo yao. Mama wa makala alikuwa amesimama mlangoni, naye alisikia kila neno.

Nilipomaliza, Tata Labo alitikisa kichwa.

"Ile iko mubaya sana," akasema. "Ile inaweza kuua mutu." Kisha akainama karibu nami, uso wake umejaa wasiwasi wa kweli. "Na ule tata mwenye ulimupikia. Alipona?"

Nilimtazama mama wa makala. Hakunisaidia.

"Ndiyo, tata," nikasema. "Alipona."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akatabasamu na meno yake machache, akafurahi sana kwa ajili ya mtu yule.